Bi Nusura na Mtoto Aliyetii Kupita Kiasi

Siku niliyomfahamu Bi Nusura ndiyo siku niliyomkamata na muhogo. Kilikuwa kipande kimoja tu cha jana, kimekauka pembeni, kimefungwa kwenye pindo la kanga yake kwa fundo gumu. Yeye alikuwa mpishi wa uji katika shule yetu ndogo ya Kawempe. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye diploma ya chuo cha ualimu, ambayo nilikuwa nimeitundika sebuleni kwangu Kasubi mahali ambapo wenzangu hutundika picha ya harusi.

Nilimsimamisha mbele ya sufuria nikamhutubia juu ya amana. Nilianza na mali ya umma, nikapitia adhabu ya kaburi, nikamalizia na watoto wanaotutazama. Uji ulikuwa umeanza kushika chini. Alikoroga, akanisikiliza mpaka mwisho.

“Umemaliza, Mwalimu?”

“Nimemaliza.”

“Basi muhogo ni yangu. Nimetoka nayo nyumbani.”

“Muhogo ni wangu,” nikamsahihisha.

“Yako tena? Sasa mwizi ni nani?”

Wanawake waliokuwa wakikinga maji bombani walicheka hadi ndoo zikafurika. Mimi niliondoka nimenyooka, kwa sababu kunyooka lilikuwa jambo nililoliweza sana.

Baadaye nilijua kwamba alitembea na chakula kila siku, hata akienda msibani, hata akienda harusini ambako pilau ingemngoja. Alizaliwa Bombo, mjukuu wa wale askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, ambao huitwa Wanubi, na mama yake alikufa akiwa bado anamnyonyesha. Kabla ya kufika miaka kumi alikuwa amelelewa katika nyumba nne. Katika nyumba ya kwanza walikula wakubwa kwanza. Katika ya pili alikula aliyewahi. Katika ya tatu walimsahau. Ya nne ilikuwa nyumba njema, yenye sinia kubwa na shangazi mpole, lakini ilichelewa. Aliolewa na dereva wa lori ambaye hakumnyima kitu mpaka alipokufa, na bado, akiwa na miaka hamsini na zaidi, hakupata usingizi bila kipande cha chakula kando ya mto.

“Kichwa inajua nimeshiba,” aliniambia siku moja. “Lakini iko kitu ingine huku ndani, hiyo bado ina miaka minne. Hiyo hata haijui kama niliolewa.”

Hakuketi kamwe akiupa mlango mgongo. Aligomba kwanza na kuuliza baadaye. Muuza mkaa wetu alikuwa akianza kuomba radhi kabla hajashusha gunia. Na kwa kuwa watu wa kabila lake wengi walikuwa jeshini katika miaka ile ya utawala wa kijeshi, majirani walimwamkia kwa heshima iliyozidi, kisha wakafunga madirisha. Yeye alijua. Alisema mwanajeshi pekee aliyemfahamu ni baba yake, na alichowahi kukamata ni malaria.

Sasa niseme kidogo juu ya Kiswahili changu, maana ndicho kilicholeta balaa. Babu yangu alikuja Buganda kutoka pwani na wafanyabiashara, akaleta msahafu na lugha. Msahafu uliliwa na mchwa, lugha tukabaki nayo. Ilipotangazwa kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa, nilitembea Kampala nzima kama mtu aliyetangazwa yeye mwenyewe. Niliwasahihisha makarani wa posta. Nilimsahihisha imamu, mara moja, katikati ya mawaidha. Nilishangaa tu kwamba kila nilipofungua mdomo dukani, watu walinyamaza na kunihudumia haraka. Nikadhani ni ufasaha. Haikunijia akilini kwamba wengi wa watu wale Kiswahili walikuwa wamekisikia kwenye vizuizi vya barabarani, na kwamba waliozungumza nami kwa adabu vile walikuwa wakitazama kama nina bunduki.

Teresa aliletwa Januari ya mwaka 1976. Alikuwa na miaka sita, mwembamba, na gauni lake lilipigwa pasi hadi mikunjo ikawa kama visu. Mama yake aliitwa Alum, mwanamke wa kaskazini aliyefua mashuka hospitalini Mengo. Hakuniambia jina la ukoo la mtoto, nami sikuuliza, maana miaka ile jina la kaskazini liliweza kumuua mtu. Hata mimi nilikuwa na akili kiasi hicho.

“Musomesa,” aliniambia, kama Waganda wamwitavyo mwalimu, “shule mbili zimemkataa. Wanasema ni bubu. Si bubu. Nyumbani anaongea.”

“Na ukiwa kazini anabaki na nani?”

“Na kufuli,” alisema. “Namfungia ndani. Natoka asubuhi, narudi saa kumi na moja. Mkimkataa na ninyi, nitarudi kumfungia.”

Nilimhakikishia kwamba katika darasa langu hakuna mtoto aliyeshindikana. Nilisema hivyo kwa wazazi wote. Hiyo ilikuwa kauli yangu.

Darasa langu liliendeshwa kwa kanuni, na ya kwanza ilikuwa salamu. Kila asubuhi mtoto alikuja mbele. Mvulana aliinamisha kichwa, msichana alipiga magoti, kama ilivyo desturi ya Buganda na kama inavyompasa binti yeyote aliyelelewa. Mimi nilitembea kati ya madawati, viatu vyangu vikilia kwa sababu nilikuwa nimevipigilia chuma kisiginoni visiliwe na lami, nikatoa amri kwa sauti ya kifuani, kama tulivyofundishwa chuoni.

Zamu ya Teresa ilipofika nilisimama nyuma yake. “Piga magoti!” nikasema.

Hakupiga magoti. Alilala. Alianguka kifudifudi sakafuni, akabandika shavu kwenye saruji, akaweka mikono yote miwili kisogoni, vidole vimefumana. Alifanya upesi na vizuri, kama mtoto aliyefanya mazoezi. Kisha akatulia kabisa.

Darasa zima liliangua kicheko. Na mimi, mwenye diploma, nilifikiri ananidhihaki.

Nilimwamuru ainuke. Hakuinuka. Nikaongeza sauti, akabana vidole zaidi. Nikamweleza, kwa Kiswahili safi chenye upatanisho kamili wa ngeli, tofauti kati ya unyenyekevu na mzaha. Mwishowe nilimbeba mimi mwenyewe hadi kwenye kona, na alikuwa mgumu kama kuni, na gauni lake lililopigwa pasi lilikuwa limelowa. Hata hilo niliandika kwenye daftari la nidhamu: “Amejikojolea kwa makusudi.” Naliandika tena hapa ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani anayemsimulia habari za maadili.

Wiki iliyofuata alikaa chini ya dawati. Hakutamka neno. Saverio, mtoto wa fundi viatu, alimgusa bega kutoka nyuma akitaka kumwazima kifutio, akaumwa mkono hadi damu. Mkuu wa shule, Mwalimu Dawudi, aliniita ofisini. Alikuwa Mganda wa makamo, aliyechanganya l na r, mwenye uso wa huruma na darasa la watoto tisini na sita la kupunguza.

“Mwarimu Tajudin,” alisema, “nakupa wiki nne. Asiposalimia na kusema jina lake, anaondoka. Fomu ya tathmini utaijaza wewe.”

“Nitamnyoosha,” nikasema.

Dawa yangu ilikuwa ile ile, kwa kipimo kikubwa. Nilimwamuru polepole zaidi. Nilimwamuru wazi zaidi. Ilipofika siku ya tatu alikuwa akilala kifudifudi mara tu aliposikia visigino vyangu barazani, kabla sijafungua mlango. Nikawaza, kwa uchungu wa kweli, kwamba nchi yetu inakwisha kwa kukosa malezi.

Bi Nusura aliona haya yote kupitia dirishani, kwa kuwa jiko lilikuwa upande wa pili. Siku ya nne, wakati watoto wako nje, aliniita kwa kidole. Aliketi kwenye kigoda, mgongo ukutani, anasuka kawa, kile kifuniko cha chakula cha ukili wa rangi ambacho wanawake wa Kinubi hutengeneza.

“Mwalimu, mtoto yule nani alikwambia mjinga?”

“Sikusema mjinga. Nimesema jeuri. Haelewi Kiswahili, na hataki kuelewa.”

Akacheka kidogo, bila furaha. “Anajua Kiswahili kuliko wewe. Alisoma mapema.”

“Alisomea wapi?”

Aliangalia lango, akateremsha sauti. Alum alikuwa amemwambia, siku walipokaa pamoja kumngoja mtoto. Miaka mitatu nyuma, mchana, watu watatu walikuja nyumbani kwa gari. Walizungumza Kiswahili. Waliwaambia wote wapige magoti uani, kisha wakawaambia walale, mikono kichwani, na mtoto akalala alivyomwona baba yake amelala. Buti zilipita nyuma yao, zikaenda, zikarudi. Kisha baba aliambiwa asimame akajibu maswali mafupi. Hakurudi. Mama alipothubutu kuinua kichwa na kumwambia mwanawe ainuke, mtoto hakuinuka. Alikaa vile mpaka jua likazama, kwa sababu watu wale hawakusema basi.

“Sasa wewe,” alisema Bi Nusura, “na viatu yako ya chuma. Unakuja na nyuma. Unapiga kelele maneno yale yale. Mtoto anafanya ile kitu iliyomponya, tena anafanya upesi kuliko wote. Wewe unamwandikia sifuri.”

Nilitazama chini, kwenye visigino vyangu.

“Lakini ni miaka mitatu imepita,” nikajaribu. “Alikuwa mdogo. Mtoto mdogo husahau. Chuoni walitufundisha kwamba akili ya mtoto ni karatasi nyeupe.”

“Karatasi?” Akaninyoshea ile kawa, akaweka kidole katikati. “Tazama hapa, kitovu. Kila kawa inaanza hapa. Mkono ikikaza sana hapa, kawa yote inapinda, hata ukisuka maua ya namna gani. Utafanya nini? Utaipiga?”

“Utaifumua.”

“Ukifumua, ukili inakatika, unabaki na taka. Unalowesha. Halafu unasuka mzunguko wa mbele taratibu, mkono ule ule, leo, kesho, kesho kutwa. Inalegea kidogo kidogo. Kitovu itabaki na alama. Lakini chakula itafunika.” Akagusa pindo la kanga yake, kwenye fundo. “Mimi nafunika chakula. Si unakula?”

Miaka mingi baadaye, kwenye semina ya walimu, daktari mmoja mwanamke alituchorea ubongo ubaoni. Alisema ubongo wa mtoto hauzaliwi umekamilika, bali hujengwa na yale yanayompata, hasa katika miaka ya mwanzo. Mtoto anayeishi katika hofu hujenga mlinzi kwanza. Sehemu ya kushtuka hukua na kufanya kazi bila likizo, huku sehemu za maneno, za subira, za kukaa na wenzake zikisubiri zamu. Alisema vilevile kwamba mtu mzima mmoja aliye mpole, anayefanya leo alichofanya jana, anaweza kumpa mlinzi huyo ruhusa ya kupumzika. Niliandika yote kwa mwandiko mzuri, nikapewa cheti. Ya jikoni nilipewa bure, nikayapinga kwa dakika arubaini.

Nilipochoka kupinga nikauliza nifanye nini.

“Vua chuma. Usipite nyuma yake. Kiswahili yako hiyo nzuri, weka kwenye sanduku. Halafu njoo hapa kila siku saa nne, umenye ndizi na yeye. Na unyamaze.”

“Ninyamaze kwa muda gani?”

“Umeona? Umeanza.”

Hivyo ndivyo mwalimu wa Kiswahili wa shule yetu alivyopigwa marufuku ya Kiswahili, akakalishwa kigodani kumenya matoke ya chakula cha walimu. Ndizi mbichi zina utomvu unaoganda vidoleni ukawa mweusi, na hautoki kwa sabuni, tena sabuni yenyewe mwaka ule ilikuwa ikitafutwa kama dhahabu. Nilikwenda msikitini Ijumaa na mikono kama ya fundi gari. Nilimenya vibaya. Ganda langu lilitoka na nusu ya ndizi.

“Mwalimu,” Bi Nusura alisema kwa Kiganda, lugha tuliyokubaliana kuitumia, “hiyo umeimenya au umeipeleka jando?”

Wanawake wa bombani walicheka, nami nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Teresa alikaa mbali, kwenye pembe ya ukuta, kisu kidogo mkononi, anamenya. Alikuwa na mkono mwepesi wa ajabu. Wiki ya kwanza hakunitazama. Wiki ya pili nilimwona akinitazama mikono. Niliangusha sufuria siku moja, mlio ukajaa jiko, naye akalala chini papo hapo, mikono kisogoni. Nikafungua mdomo kumwambia ainuke. Bi Nusura akanikazia macho. Yeye mwenyewe alishuka kigodani, na mwili wake ule mzito, akalala sakafuni kando ya mtoto, ubavu kwa ubavu, bila kumgusa. Walilala pale huku uji ukitokota. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Basi, wameshaenda,” akainuka akijishika kiuno. Baada ya muda kidogo mtoto naye akainuka.

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia basi. Miaka mitatu, wala mama yake hakujua kwamba hilo ndilo lililokuwa likingojwa.

Wiki ya tatu Teresa alisogeza kigoda chake. Si karibu nami. Karibu na Bi Nusura. Wiki ya nne, nikiwa nimekwama kwenye ndizi moja, mkono mdogo ulikuja ukaichukua kutoka kwangu, ukaimaliza, ukaitia majini. Nilitaka kumshukuru kwa hotuba, nikakumbuka kwamba nimefungiwa.

Siku ya tathmini Mwalimu Dawudi alikuja darasani. Nilikuwa nimemwomba akae kwenye benchi la watoto, mbele ya Teresa, aulize kwa Kiganda, asisimame.

“Mwarimu, wewe?” alisema, akijikunja kwenye benchi magoti yakimfika kidevuni. “Wewe uliyenisahihisha mbele ya mke wangu, reo hutaki Kiswahili?”

“Leo sitaki,” nikasema.

Alimwuliza jina lake. Teresa alimtazama. Mgongo wake ulikuwa ukutani, kwa kuwa hapo ndipo tulipomhamishia. Mikono yake ilipanda kidogo kuelekea kichwani, ikasimama hewani, ikarudi mapajani. Akabaki ameketi. Mkuu aliuliza tena, kwa upole. Watoto tisini na watano wakangoja. Kisha Teresa akasema kwa Kiganda, kwa sauti nyembamba iliyokwaruza kwa kukosa matumizi:

“Musomesa Tajudin hajui kumenya matoke.”

Darasa lilipasuka. Saverio alipiga dawati kwa mkono wenye kovu. Mwalimu Dawudi alicheka mpaka benchi likalalamika, na mimi nilisimama pale, mtu mzima wa miaka arubaini na mitano, mlinzi wa heshima ya wakubwa, nikitukanwa na mtoto mbele ya darasa langu, na moyo wangu ukienda mbio kwa furaha isiyo na adabu.

Lakini fomu ilibaki. Tulikwenda nayo ofisini. Mkuu alikuwa mtu wa haki, na alisema kwa masikitiko kwamba mtoto hakusalimia wala hakusema jina lake. Kulitaja jina langu hakuhesabiwi. Kama ningeandika “ndiyo” asingepinga, alisema, akitazama dirishani kwa makusudi ili nipate nafasi.

Sijawahi kudanganya kwenye fomu. Najua wapo watakaosema kwamba huo nao ni ugonjwa. Nilichovya kalamu. Swali la kwanza: Je, mtoto anasalimia wakubwa kwa heshima? Nikaandika, “Hapana.” La pili: Je, anajibu anapoulizwa? “Hapana.” La tatu: Sababu. Niliwaza kufuli la Alum, na jinsi linavyofungwa asubuhi. Yaliyomfika mtoto hayakuwa ya kuandikwa kwenye karatasi ya ofisi mwaka ule. Nikaandika la kwangu: “Mwalimu alimtisha wiki za kwanza. Kosa ni la mwalimu. Mtoto abaki, mwalimu aangaliwe.”

Mwalimu Dawudi alisoma, akavua miwani, akaivaa, akasoma tena.

“Mwarimu, fomu hii ni ya tabia ya mtoto. Hakuna mahali pa tabia ya mwarimu.”

“Nimebanabana.”

“Na nani atakayekuangalia?”

“Mpishi,” nikasema.

Alitikisa kichwa, akatia sahihi, akagonga muhuri.

Jumatatu Alum alimleta tena, akamwacha langoni, akasimama upande wa pili wa barabara kuona kama tutamrudisha. Teresa alivuka uwanja peke yake, akishika ukuta. Nilikuwa nimesimama barazani, viatu vyangu vimenyamaza. Alipofika usawa wangu hakupiga magoti, hakusema kitu, wala hakulala chini. Alinipita akitazama mbele, akaingia darasani, akaketi mahali pake.

Nami nikaitikia salamu.